Taa ya Sola Imezima: Tuitupe Wapi?

Somo la kikundi, mikutano miwili



Somo hili halihitaji ubao wala chaki. Linahitaji kila mmoja wenu aje mkutanoni na kitu kimoja cha kuchaji ambacho kimekufa: taa ya sola, tochi, redio ndogo, simu ya zamani, pawabanki. Siku hizi ni nyumba chache zisizo navyo. Viko juu ya kabati, viko chini ya kitanda, viko ndani ya ule mkebe wa misumari. Mwenyewe anajua havifanyi kazi, lakini roho inakataa kuvitupa kwa sababu vilinunuliwa kwa jasho. Viwekeni vyote katikati juu ya gunia, mviangalie kwanza kabla ya mtu kusema neno.

Halafu mwenyekiti aulize pole pole, mmoja baada ya mwingine: Ulinunua pesa ngapi? Kilifanya kazi miezi mingapi? Kilipozima ulifanya nini? Katibu aandike na ajumlishe. Tuseme kikundi kina watu 25, na kila mtu amepoteza taa moja tu ya shilingi 1,000. Hiyo ni shilingi 25,000. Kuna vikundi vinavyochanga mwaka mzima kabla ya kufikisha pesa kama hizo, na hapa zimelala juu ya gunia.

Kwa wanaotaka kuanza na Neno, someni Yohana sura ya 6, habari ya mikate mitano na samaki wawili. Wengi wetu tunakumbuka jinsi watu walivyoshiba. Leo angalieni kilichofanyika baada ya kushiba, na yale mabaki.

KITU KIMEKUFA, AU NI SEHEMU MOJA TU?

Ukifungua taa ndogo ya sola utakuta vitu vinne: paneli inayopokea jua, vile vitaa vidogo vinavyoitwa LED, bodi ndogo ya saketi, na betri. Paneli isipovunjika hukaa miaka mingi. Vitaa vya LED huwaka maelfu ya masaa. Kinachochoka kwanza kwa kawaida ni betri. Na mara nyingine hata si betri, ni waya umekatika pale unapoingia, au swichi imejaa vumbi, au kile kishimo cha kuchajia kimelegea. Lakini mwenye taa haoni hayo yote. Anaona giza, anasema taa imekufa. Ni kama mtu kutupa baiskeli kwa sababu ya pancha.

Sasa tuiangalie hiyo betri yenyewe. Zamani tulijua betri kavu, zile wengine huita mawe. Zikiisha, zimeisha. Betri za lithiamu ni kitu kingine. Zilianza kuuzwa mwaka 1991 na kampuni ya Sony ya Japani, na mwaka 2019 wanasayansi watatu waliozifanyia kazi, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Ni nyepesi, zinabeba nguvu nyingi, na zinakubali kuchajiwa tena na tena. Bila hizo hatungekuwa na simu ya mfukoni, wala hizi taa ambazo zimeondoa koroboi na moshi wake katika nyumba nyingi. Kwa hiyo hatuandiki somo hili kuzilaani.

Shida iko hapa: betri iliyotengenezwa ichajiwe mamia ya mara inafungiwa ndani ya kitu kilichotengenezwa kitupwe. Kifuniko kimegandishwa kwa gundi. Hakuna skrubu. Betri imelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi. Hakuna spea dukani. Aliyekitengeneza alijua betri itachoka kabla ya vitu vingine vyote, na bado akaufunga mlango.

Mfano mbaya kabisa uko Uingereza. Huko vijana walizoea sigara za kielektroniki za kutumia mara moja, na hata miji yetu imeanza kuziona. Ndani yake mna betri ya lithiamu, ya aina ileile inayoweza kuchajiwa, lakini nyingi zilitengenezwa bila hata tundu la kuchajia. Ikiisha dawa, inatupwa na betri yake. Mwaka 2023 shirika la Material Focus lilikadiria kwamba karibu milioni 5 zilikuwa zikitupwa huko kila juma. Mwaka huohuo watafiti wa University College London walizitoa betri hizo, wakazipima, na wakaripoti kwamba zinaweza kuchajiwa mamia ya mara. Tangu tarehe 1 Juni 2025 Uingereza imepiga marufuku kuuza zile za kutumia mara moja. Ubelgiji ilitangulia Januari mwaka huo. Kumbe hata matajiri wamechoka kutupa.

JIRANI ANAYECHIMBA

Betri nyingi za simu zina madini ya kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia inachimbwa Kongo, upande wa Kolwezi na Likasi, kwa watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi, ingawa chao kina ladha yake. Kuna migodi mikubwa ya makampuni, na kuna mashimo yanayochimbwa kwa mkono. Mwaka 2016 Amnesty International ilitoa ripoti ikieleza jinsi watoto walivyokuwa wakiokota, wakiosha na kubeba mawe ya kobalti huko. Mama akiitupa simu nzee chooni, pamoja nayo ametupa kitu ambacho huenda mtoto wa mwenzake alikibeba mgongoni. Hatusemi hivyo ili mtu ajisikie vibaya kwa kuwa na simu. Tunasema ili tujue kwamba kile kijiwe kidogo kina bei nyingine mbali na ile ya dukani.

Umoja wa Mataifa uliripoti kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za takataka za vifaa vya umeme. Zilizojulikana kukusanywa na kushughulikiwa vizuri hazikufika hata robo. Kwa Afrika ilikuwa chini ya moja kwa mia.

KWA NINI TAA ZETU ZINAKUFA MAPEMA

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kikundi kinaweza kuokoa pesa bila kutumia pesa.

Kwanza ni joto. Betri ya lithiamu haipendi kuchemka. Kama paneli ya taa yako inatoka na waya wake, weka paneli juani na taa yenyewe ibaki kivulini. Wengi huweka vyote viwili juu ya mabati kuanzia asubuhi, na mabati saa saba mchana ni kama kikaango. Kama paneli imeshikana na taa, basi angalau isilale juu ya bati. Iweke juu ya kipande cha mbao, mahali hewa inapita chini yake.

Pili ni njaa. Taa ikizima yenyewe kwa kukosa chaji, halafu ikawekwa kabatini miezi mitatu, betri inaendelea kupungua kimya kimya mpaka inashuka chini ya kiwango chake. Ikifika huko inaumia kabisa, na bodi inakataa kuichaji tena. Mwanafunzi akienda bweni na kuacha taa nyumbani, ichajieni hadi kama nusu kabla ya kuiweka, na kila baada ya miezi miwili ipeni jua kidogo. Taa nyingi zilizo juu ya gunia lenu leo huenda zilikufa kwa njaa, si kwa uzee.

Tatu ni vumbi juu ya paneli. Kitambaa chenye maji, basi. Paneli chafu huchaji nusu, na watu hulaumu betri.

UKIENDA DUKANI

Kuna aina mbili za betri za lithiamu mtakazokutana nazo zaidi. Moja ni ya volti 3.7, ambayo kwa kawaida huandikwa Li-ion. Nyingine ni ya volti 3.2, huandikwa LiFePO4, na hii ina chuma na fosfeti badala ya kobalti. Ile ya kwanza, ikitumiwa kila siku, huanza kuchoka baada ya kuchajiwa kama mara 300 hadi 500. Pigeni hesabu: kuchaji mara moja kwa siku, huo ni mwaka mmoja au mmoja na nusu. Ile ya pili ikiwa imetengenezwa vizuri hupita mara 1,000, na nyingine hufika 2,000. Huo ni muda wa mtoto kuanza darasa la nne na kumaliza shule ya msingi. Pia haishiki moto upesi kama mwenzake. Mara nyingi bei iko juu kidogo. Kwa taa ya kila usiku, kwa maoni yetu, lipeni hiyo tofauti.

Mwenye duka atasema, "Mama, chukua hii, ni orijino kabisa." Usibishane naye. Mwambie tu, "Sawa mwanangu, hebu nioneshe skrubu zake." Taa yenye skrubu inafunguka, na inayofunguka inatengenezeka. Kisha muulize kama betri inauzwa peke yake. Muulize dhamana ni ya muda gani na nani ataipokea taa ikirudi. Akikosa majibu yote matatu, bei rahisi hiyo si rahisi.

Na kuna uongo mmoja wa kuangalia. Betri ya mviringo inayotumika sana huitwa 18650, kwa sababu ina upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Kwenye ngozi yake huandikwa mAh, yaani kipimo cha nguvu inayobeba. Betri nzuri ya ukubwa huo haizidi 4,000 hivi. Mkiona imeandikwa 9,900, hiyo ni ya kudanganya wanunuzi, na ndani yake mara nyingi ni betri kuukuu iliyovishwa nguo mpya.

Kikundi kikinunua taa kumi za aina moja kwa pamoja ni afadhali kuliko kila mtu kununua yake ya namna yake. Ikifa moja, hutoa spea kwa zile tisa.

KUMPELEKEA FUNDI

Fundi wa simu na redio pale sokoni ni mtu muhimu kwa somo hili. Mwalikeni kwenye mkutano, mlipeni nauli na chai. Aje na bisibisi na kile kipimo cha volti. Afungue vile vitu vya juu ya gunia mbele yenu, apime kimoja kimoja. Mtashangaa vingapi vina waya tu uliokatika. Visivyotengenezeka vitoe paneli, vitaa na swichi za kutengenezea vingine.

Betri ikibadilishwa kuna sharti moja lisilo na mchezo: mpya ifanane na ya zamani kwa aina na kwa volti. Taa ya betri ya 3.7 huendelea kusukuma chaji mpaka volti 4.2. Mkiweka hapo betri ya 3.2, ambayo inatakiwa kukomea kama 3.6, inalishwa kupita kiasi mpaka iharibike, au ifure. Mkigeuza upande wa pili, itachaji nusu tu na mtadhani mmeuziwa mbovu. Pia kuna tochi nzito za bei ya chini ambazo ndani zina betri ya risasi, kama ya gari lakini ndogo. Hiyo ni ukoo mwingine kabisa, isichanganywe na hizi.

Betri yenyewe haifunguliwi. Hata na fundi. Taa, ndiyo. Simu, ndiyo. Lakini ule mfuko au ule mkebe wa betri, hapana. Usikatwe, usitobolewe, usigongwe. Tunaandika haya kwa sababu watoto hupenda kupasua vitu waone kilichomo, na wakubwa nao hupenda.

ISIENDE SHIMONI, ISIENDE MOTONI

Ndani ya betri ya lithiamu mna kimiminika kinachowaka kama petroli. Ikitobolewa au kubonyezwa, pande mbili za ndani zikigusana, inajichemsha yenyewe kwa dakika chache na kulipuka moto. Moshi wake una sumu inayochoma mapafu. Kwa hiyo ile desturi yetu ya Jumamosi, kufagia uwanja na kuchoma takataka, ikiwa na betri ndani ni hatari kwa yule anayechochea moto, na mara nyingi huyo ni mtoto. Chooni nako si kuzuri. Mkebe unaoza, kimiminika kinatoka, na kikikutana na maji hutoa asidi kali. Visima vyetu haviko mbali na vyoo vyetu kama tunavyopenda kusema.

Betri iliyofura kama chapati ya mandazi msiichaji tena, msiibonyeze, msiilalie. Itoeni nje ya nyumba. Ikiwaka, ondoeni watoto, simameni upande upepo unakotoka, mwagieni maji mengi mkiwa mbali. Mchanga husaidia moto usitapakae.

Wengine watauliza, kwa nini tusiyeyushe wenyewe tuuze madini? Tuangalie Owino Uhuru, Mombasa. Huko ilikuwa betri za gari, za risasi, lakini jambo ni lilelile. Kiwanda kiliyeyusha betri karibu na nyumba za watu, na risasi ikaingia katika miili ya watu, wakubwa kwa watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa ndefu Mahakama ya Juu ikakubaliana na uamuzi huo Desemba 2024. Pesa hazitoi risasi kwenye damu ya mtoto.

MKEBE WA KIKUNDI

Kikundi kitafute mkebe mmoja wa chuma wenye kifuniko, kama wa rangi au wa biskuti. Tieni mchanga mkavu chini. Kila betri iliyotolewa, fungeni ncha zake kwa selotepu ili zisigusane na nyingine, halafu ilazeni mchangani, mfunike kwa mchanga mwingine. Kifuniko kisikazwe sana, ili hewa ikitaka kutoka itoke. Mkebe ukae mahali pakavu penye kivuli, mbali na nyumba ya nyasi, mbali na jiko, mbali na watoto. Si chini ya madhabahu wala kwenye chumba cha watoto wa Jumapili, kama tulivyoona mahali fulani. Achaguliwe mtu mmoja wa kuutunza, na jina lake liandikwe katika kitabu cha kikundi.

Ukijaa, uende wapi? Nairobi kuna WEEE Centre, ambayo hupokea takataka za vifaa vya umeme. Mtu peke yake hawezi kupanda gari kwa betri mbili. Vikundi sita vya parokia moja vinaweza, hasa siku ambayo gari la parokia lina safari ya mjini. Zungumzeni na ofisi ya maendeleo ya dayosisi yenu kabla, wapange siku. Betri zilizofura au kuvuja zisichanganywe na nyingine wala kubebwa katika matatu yenye abiria.

Tena sheria iko upande wenu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 iliweka mzigo kwa anayetengeneza bidhaa au kuileta nchini: asihesabu kazi yake imeisha akishauza. Kanuni zake zilitolewa mwaka 2024. Kwa hiyo mkimrudia mwenye duka na taa kumi zilizokufa na kumwomba aulize kampuni yake zipelekwe wapi, hamwombi msaada. Mnauliza swali ambalo kampuni inatakiwa iwe na jibu lake. Andikeni barua, wekeni nakala, na chifu apewe moja.

MASWALI YA KUJADILI

Gawanyikeni vikundi vidogo vya watu watano, akina mama na vijana wakichanganyika na wazee, ili mmoja asiseme peke yake. Katika vitu vya juu ya gunia, ni vingapi vilikufa kwa betri, vingapi kwa waya, na vingapi kwa kukaa kabatini bila chaji? Ni duka gani la soko letu linalouza taa zenye skrubu? Nani hapa kijijini huchoma takataka, na anajua kilichomo? Vijana waulizwe peke yao: zile sigara za kielektroniki zimefika kwetu? Zinatupwa wapi?

Halafu kikundi kizima kiamue mambo mawili tu. Fundi ataitwa lini, na chai yake italipwa na nani. Na mkebe: nani ataleta, nani atautunza, na mkutano wa pili atatuambia una betri ngapi.